Kijiji Kisichoiona Bahari: Lugha na Maarifa ya Wanakijiji wa Ijara, Garissa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya maisha ya kila siku katika vijiji vya Ijara, sehemu ya kusini ya Garissa inayopakana na Lamu. Hoja inayojengwa ni kwamba eneo hili, ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hulihesabu kuwa ugenini, limo katika ujirani ambamo lugha yenyewe inaaminika kuchimbuka. Aidha, inaonyeshwa kuwa maarifa ya wanakijiji kuhusu misimu, mifugo, maradhi na msitu yamehifadhiwa katika lugha ambazo Kiswahili kimekaa nazo kwa karne nyingi bila kuzisikiliza vya kutosha, na kwamba hasara ya jambo hili si ya kitaaluma tu.

Utangulizi

Msafiri atokaye mji wa Garissa kuelekea kusini, akiuacha Mto Tana upande wake wa kulia, huona ardhi ikibadilika polepole. Vichaka vya miiba vinashikana zaidi, nyasi zinaongezeka, na ng'ombe wanakuwa wengi kuliko ngamia. Huko ndiko Ijara. Baadhi ya vijiji vyake, kama Masalani na Kotile, vimekaa karibu na mto. Vingine, kama Sangailu na Hulugho, vimo ndani zaidi kuelekea mpaka wa Somalia. Kwa mwendo wa ndege bahari haiko mbali, ni chini ya kilomita 150, lakini ukanda wote wa ufuo umo Lamu. Garissa haina hata hatua moja ya pwani. Kwa sababu hiyo mtoto wa Ijara anaweza kukua, akaoa na akazeeka akipigwa na upepo wa bahari asiyoiona.

Hadi mwaka 2013 eneo hili lilikuwa chini ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Baada ya Katiba ya 2010 kuanza kutekelezwa kwa ukamilifu, Garissa ikawa kaunti, na Ijara ni mojawapo ya maeneobunge yake sita. Wakazi walio wengi ni Wasomali wafugaji. Msituni, katika mpaka wa Garissa na Lamu, wako Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Kando ya mto wako Wapokomo wakulima, na ng'ambo yake Waorma wenye ng'ombe. Juu zaidi, katika kingo za Tana kuzunguka mji wa Garissa, wako Wamalakote na Wamunyoyaya.

Katika mijadala ya vyuoni Kaskazini Mashariki hutajwa aghalabu kwa namna moja tu: mahali ambako Kiswahili hakijafika, au kimefika kikiwa kimevunjika. Mtazamo huu unastahili kupimwa upya, na mahali pa kuanzia ni historia ya lugha yenyewe.

Ujirani wa kale

Wanaisimu wanaiweka lugha ya Kiswahili katika kundi la Sabaki, lililopewa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Katika kundi hilo mna Kiswahili, Kingazija na lahaja nyingine za Komoro, lugha za Wamijikenda, Kipokomo na Kiilwana, yaani lugha ya Wamalakote. Kazi kubwa ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch iliyotoka mwaka 1993 ilieleza kwa kina uhusiano huo wa damu. Kabla yake, mwaka 1985, Nurse na Thomas Spear walikuwa wamekwisha kupendekeza kuwa chimbuko la Kiswahili litafutwe kaskazini, katika ujirani wa Tana, Lamu na kusini mwa Somalia.

Tazama basi ramani. Ndugu wawili wa Kiswahili, Kipokomo na Kiilwana, wanazungumzwa katika kingo za mto uleule unaopita Garissa na Masalani. Mwanafunzi anayekwenda Garissa akidhani anakwenda mbali na asili ya lugha yake anakaribia zaidi ilikotoka kuliko mwenzake aliyebaki Nairobi. Huko kusini, katika visiwa na ufuo wa Lamu, ndiko kuliko lahaja za kaskazini: Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu cha Wabajuni. Mwenyeji wa Lamu akisema ndia, ndaa, mato na kitwa, pale ambapo Kiswahili sanifu kina njia, njaa, macho na kichwa, haharibu kitu. Anasema lugha ya mahali ambapo palikuwa na washairi kabla Kiswahili sanifu hakijazaliwa.

Masimulizi ya Wabajuni, Wapokomo na Wamijikenda yanaitaja Shungwaya, nchi ya asili ambayo wengi huiweka kusini mwa Somalia. Wanahistoria wamebishana kuhusu Shungwaya kwa miongo kadhaa: wengine wakiiona kuwa nchi halisi, wengine wakiiona kuwa masimulizi yaliyokua kwa kusimuliwa tena na tena. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo. Linalotosha hapa ni kwamba pande zote za mjadala zinazungumzia eneo ambalo Ijara imo ndani yake au mlangoni pake.

Kiilwana kinastahili kutajwa peke yake. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 Nurse alionyesha jinsi lugha hii ya Kibantu ilivyobadilishwa na mgusano wa muda mrefu na Kiorma. Wasemaji wake waliishi wachache katikati ya wafugaji wenye nguvu kuliko wao, na lugha yao ikachukua mengi kutoka kwa jirani, si maneno tu. Ni mfano adimu wa ndugu wa Kiswahili aliyelelewa katika nyumba ya Wakushi. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa isimu nchini Kenya humaliza shahada zao bila kulisikia jina lake.

Kalenda mbili, upepo mmoja

Jirani hao wa kale hawakugawana mto peke yake. Waligawana pia anga, na hakuna mahali ambapo ujirani wa Kisomali na Kiswahili unaonekana vizuri kuliko katika majina ya misimu. Mfugaji wa Ijara hugawa mwaka katika vipindi vinne. Gu' ni mvua kubwa za Aprili hadi Juni. Xagaa hufuata, Julai hadi Septemba. Deyr ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na jilaal ni ukame mkali wa Januari hadi Machi. (Katika tahajia ya Kisomali iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, herufi x husimama mahali pa ha ya kooni, na c mahali pa ayn ya Kiarabu.)

Mvuvi wa Lamu naye ana masika na vuli, na juu ya hayo ana pepo zake: kusi unaovuma kuanzia Aprili, na kaskazi unaorudi mnamo Novemba. Mtu akiziweka kalenda hizi mbili pamoja huona kwamba gu' na masika ni mvua zilezile, na kwamba deyr na vuli ni mvua zilezile pia. Zinaletwa na mageuko yaleyale ya pepo za Bahari ya Hindi. Tofauti ipo katika kile ambacho kila jamii imekiona kuwa cha kuhesabiwa. Mvuvi hutaja upepo kwa kuwa ndio unaoamua kama chombo kitatoka. Mfugaji hutaja maji na ukosefu wake, kwa kuwa jilaal ikirefuka ng'ombe hufa. Neno xagaa halina mwenzake kamili katika Kiswahili sanifu. Kipupwe kinalikaribia kwa kuwa ni kipindi cha baridi, ila kwa mfugaji wa ukanda ulio karibu na bahari xagaa ni pia wakati wa manyunyu yanayoweza kuyaokoa malisho yasikauke mapema.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu hizi. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Taarifa za redio na magazeti zilisema ukame, kisha zikasema mafuriko. Kijijini jambo lilisemwa kwa kina zaidi: ni deyr ya mwaka gani iliyokosekana, ni gu' ipi iliyofuata ikakosekana nayo, na ni war gani (ndivyo liitwavyo bwawa la kuchimbwa la kuhifadhia maji ya mvua) lililokauka kwanza. Mtaalamu wa hali ya hewa angefurahi kuzipata kumbukumbu hizo. Zimo vinywani mwa watu.

Nyumba, maziwa na mifugo

Nyumba ya mfugaji huitwa aqal. Ni ya matawi yaliyokunjwa na mikeka, hujengwa na wanawake, na huweza kufunguliwa, ikapakiwa juu ya mnyama na kusimamishwa kwingine. Msomaji aliyezoea kufikiri kwamba nyumba ni jengo lisilosogea hulazimika kufikiri tena. Harusi yenyewe huitwa aqal gal, yaani kuingia katika nyumba, na nyumba hiyo hutayarishwa na mama na jamaa wa kike wa bibi harusi. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani harusi ya Waswahili nayo ina siku ya bwana harusi kuingia nyumbani, na nyumbani huko ni kwa mke. Tafsiri ya haraka ya aqal kuwa kibanda, ambayo hupatikana katika ripoti nyingi, ni tafsiri mbovu. Kibanda ni cha kuku au cha mlinzi.

Kuhusu mifugo, utajiri wa Kisomali unajulikana. Ngamia jike aliyekomaa ni hal, mtamba wa ngamia ni qaalin, dume la mbegu ni baarqab, la mizigo ni awr au rati kufuatana na mahali, na ndama ni nirig. Kwa ng'ombe kuna sac kwa jike na dibi kwa dume. Kiswahili kina ngamia, na kila upambanuzi mwingine hutegemea kivumishi au kishazi. Hapana aibu katika hilo, maana Kiswahili nacho kina aina za vyombo, sehemu za jahazi na hatua za ukuaji wa nazi ambazo mfugaji hawezi kuzitaja bila kishazi. Tatizo linaanza pale ambapo lugha moja tu kati ya hizo mbili ndiyo inayotumika katika ofisi ya mifugo, katika kituo cha afya na katika karatasi ya mtihani.

Sandik

Gharama ya tatizo hilo ilionekana kati ya mwishoni mwa mwaka 2006 na mapema 2007. Baada ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Kaskazini Mashariki, Garissa na Ijara zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Ugonjwa huu hubebwa na mbu, huwapata mifugo kwanza, na binadamu huupata hasa kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kufikia Machi 2007 nchini Kenya walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Uchinjaji na biashara ya mifugo vilipigwa marufuku, na kwa kijiji kinachoishi kwa maziwa na kuuza ng'ombe, marufuku hayo yalikuwa njaa.

Utafiti wa wataalamu wa mifugo uliochapishwa mwaka 2010 uliwahoji wafugaji wa sehemu hizi. Ilibainika kuwa Wasomali wana jina la ugonjwa huu, sandik, linalorejelea damu itokayo puani mwa mnyama. Ilibainika pia kuwa walikuwa wameziona dalili za hatari, yaani mvua nzito kupita kiasi na makundi ya mbu, na wakakadiria uwezekano wa mlipuko kwa usahihi. Makadirio yao yalikuwa ya mapema na yenye uhakika zaidi kuliko yale ya mifumo ya tahadhari ya kimataifa na ya kanda.

Mwanafunzi wa Kiswahili anahusikaje na daktari wa mifugo? Anahusika moja kwa moja. Sandik ni istilahi. Ina maana mahususi, ina dalili zinazoipambanua na maradhi mengine, na imeundwa na watu wenye ujuzi wa miaka mingi. Kiswahili kina jina lililotafsiriwa, homa ya Bonde la Ufa, ambalo humwambia mchungaji wa Hulugho habari za bonde asilowahi kuliona wala halimwambii aangalie pua ya mnyama wake. Wanaounda istilahi hukaa mijini wakipekua kamusi za Kiingereza, nao mara nyingi husahau kwamba nchini mwao mna watu waliokwisha kukipa kitu jina.

Watu wa msitu

Hali ya Waaweer ni nzito zaidi. Lugha yao ni ya Kikushi, na Bernd Heine, aliyechapisha uchunguzi wa lahaja zake mwaka 1982, aliionyesha kuwa na uhusiano wa karibu na lahaja za Kisomali. Jina Boni lenyewe huhusishwa na neno la dharau walilopewa na majirani wenye mifugo. Wao hujiita Aweer. Waliishi kwa kuwinda, kwa kuchuma matunda na kwa asali, wakiongozwa mzingani na ndege ambaye kwa Kiswahili huitwa mlembe au kiongozi.

Mambo matatu yaliikata njia hiyo ya maisha. Wakati wa vita vya shifta vya miaka ya 1960, wengi walitakiwa kuhamia vijiji vya kudumu kando ya barabara. Mwaka 1976 sehemu za msitu zilitangazwa kuwa hifadhi, ile ya Boni ikiwa upande wa Garissa na ile ya Dodori upande wa Lamu. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini kote. Mtu aliyekuwa mwindaji hodari akalala mwindaji, akaamka mhalifu. Mnamo Septemba 2015 ilianza operesheni ya kijeshi ya kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab msituni, na hata kuingia msituni kutafuta asali kukawa jambo la hatari. Upande wa Lamu, katika wadi ya Basuba, shule za Waaweer zilifungwa kwa miaka kadhaa.

Msamiati wa msitu hauwezi kuishi muda mrefu nje ya msitu. Kijana asiyeruhusiwa kufuata ndege hatajua miito ya kumwitikia. Waaweer wengi sasa hutumia Kiswahili au Kisomali katika shughuli zao na majirani, na Kiswahili katika kesi hii ni mrithi, si jirani tu. Mrithi asiyejua alichorithi ni hatari kwa mali.

Kiswahili cha amri na Kiswahili cha bulla

Haifai kusahau Kiswahili kilivyoingia Kaskazini Mashariki katika zama za karibu. Wakoloni waliifunga sehemu hii kwa sheria ya mwaka 1902 na nyinginezo zilizofuata, hata mtu asiweze kuingia au kutoka bila kibali. Baada ya uhuru zikaja sheria za hali ya hatari. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilieleza mateso ya raia, yakiwemo ya Bulla Karatasi mjini Garissa mnamo Novemba 1980. Katika miaka hiyo Kiswahili kilisikika zaidi katika kinywa cha askari, kikiwa katika hali ya kuamuru: simama, toa, kaa chini. Anayeshangaa kwa nini wazee wengine hawakipendi na aanzie hapo.

Pamoja na hayo watu wamekichukua na kukifanya chao. Bulla ni neno la Kisomali lenye maana ya kijiji au mtaa, na mjini Garissa kuna Bulla Mzuri na Bulla Punda. Mwanafunzi wa sarufi atauliza bulla imo katika ngeli gani hata ikapata mzuri badala ya nzuri. Jibu ni kwamba hicho ni Kiswahili cha bara kilichochukuliwa jinsi kilivyosikika, ambamo mzuri husimama bila kujali ngeli. Majina kama haya ni data safi kuliko hojaji nyingi.

Kuhusu matamshi, Kisomali hakina /p/, /v/ wala /z/. Hivyo msemaji wake huweza kusema besa kwa pesa, fita kwa vita, na samani kwa zamani, na hapo huzuka utata wa kweli, kwani samani ni meza na viti. Hiyo ni athari ya lugha ya kwanza inayoelezeka kwa kanuni zilezile zinazofundishwa darasani. Kuigeuza kuwa kichekesho, kama ifanywavyo katika michezo ya kuigiza, ni uvivu. Msemaji huyohuyo anayatambua bila kufundishwa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu: kitabu ni kitaab, duka ni dukaan, sabuni ni saabuun, mwalimu ni macallin. Alikutana na macallin katika duksi, madrasa ya kijijini, kabla hajakutana na mwalimu wa shule ya msingi.

Mwalimu huyo wa shule ya msingi ndiye aliyepungua. Kwa muda mrefu walimu wengi wa Kaskazini Mashariki walitoka sehemu nyingine za nchi. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa na wapiganaji huko Kamuthe, Garissa, na tume inayowaajiri ikawahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna wa kuwalaumu kwa kuondoka. Shule nyingi zilibaki na walimu wachache mno, na Kiswahili, kilichokuwa kikifundishwa zaidi na wageni hao, hakikunusurika. Pengo hilo litajazwa kwa uhakika na wenyeji wenyewe watakapofuzu ualimu wa Kiswahili, na watafuzu kwa wingi iwapo somo halitawaambia tangu ukurasa wa kwanza kwamba lugha hii ni ya minazi na ngalawa peke yake.

Kwa vyama vya wanafunzi kazi ya kuanzia si kubwa, wala haihitaji fedha za wafadhili. Mwanachama atokaye Masalani au Sangailu anaweza, katika likizo moja, kukaa na wanawake wakati wa kukama na wachungaji wakati wa kunywesha mifugo, akaandika majina ya mnyama kwa umri, jinsia na rangi, majina ya maziwa kutoka yanapokamwa hadi yanapokuwa samli, na majina ya maradhi pamoja na dalili zake. Maneno yaandikwe kwa tahajia ya Kisomali, na maelezo kwa Kiswahili. Mwenzake wa Lamu anaweza kufanya hivyo kwa pepo na vyombo, na mwenzao wa ukingo wa Tana kwa Kipokomo au Kiilwana. Kwa Kiaweer kazi ianze na wazee waliokuwa wakiingia msituni kabla ya 1977, ambao wachache waliobaki wamekwisha kuwa wakongwe.